Funguo za Lori

Mwanangu Yusrah alikuwa mnene, mwenye afya, na sauti ya kuamsha mtaa, ila kukaa alikataa. Ukimkalisha anaanguka ubavu. Ukimwekea kitu mbele, iwe kijiko, iwe kipande cha muwa, hanyooshi mkono. Na mtoto wa jirani pale Ruhembe, aliyezaliwa naye wiki moja, alikuwa tayari anatambaa mpaka jikoni kwangu kumwaga maji. Nilimchukia yule mtoto. Hakunikosea lolote, lakini nilimchukia.

Kliniki walimpima, uzito mzuri. "Wengine huchelewa," nesi akasema. Nikarudi kwa mama mkwe nimebeba hayo maneno kama mtu aliyetoka buchani na nyama. Hakuyapokea. Alimlaza Yusrah mapajani, akayatazama macho yake yasiyotulia, yanayocheza huku na huku, akasema, "Huyu amebemendwa."

Kwetu husemwa kwamba mtoto akiwa bado ananyonya, baba au mama akitoka nje ya ndoa kisha akaja kumshika, mtoto hulegea. Hakai, hasimami, mwisho anakufa. Ndivyo nilivyoambiwa na mama yangu, nikaamini. Sitajifanya mjanja leo.

Baba au mama, ndivyo husemwa. Lakini hakuna aliyemgeukia Mudi. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la miwa, msimu mzima analala Kidodi, nyumbani anapita kubadilisha nguo. Mimi ndiye niliyekwenda Mikumi kumsalimia mama, mtoto akiwa mchanga. Na Mikumi ni barabara kuu, ni malori na gesti, na kabla ya kuolewa nilikuwa nauzia madereva chai na chapati palepale. Ushahidi wao ulikuwa huo tu.

"Mama, naapa kwa Mungu, sijafanya," nilimwambia mama mkwe.

"Wote huapa. Hebu muone, macho yanamkimbia kwa aibu ya mama yake."

Akaitwa mzee wa dawa. Alikuja na majani yake kwenye mfuko wa rambo, akakaa barazani, wazee wa ukoo wakamzunguka. Dawa ipo, alisema, lakini haishiki mpaka aliyekosea aseme kwa kinywa chake. Asiposema, mtoto haoni masika.

Nilimtazama Mudi. Alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anazungusha funguo za lori kidoleni. Yusrah, mapajani mwangu, aligeuza kichwa kuufuata ule mlio. Tulikuwepo wote pale, na hakuna aliyejiuliza kitu.

"Waambie, baba Yusrah," nikasema. "Wewe unanijua."

Akainamisha kichwa. "Kama kuna kitu, Imani, sema tu. Ni kwa ajili ya mtoto."

Nikasema. Mtoto ni wangu, na dawa ilikuwa pale kwenye rambo, karibu kiasi cha kuifikia kwa mkono. Nilisema nimetoka na mwanaume Mikumi. Wakauliza nani. Nikasema dereva wa tangi la mafuta, wa Iringa, anaitwa Evance. Mpaka leo sijui jina hilo nililitoa wapi. Mzee mmoja akauliza kama ni mrefu. Nikamwambia ndiyo, mrefu, na nyie mkome.

Ijumaa ile nikapewa talaka, nikapewa na majani. Nikarudi Mikumi kwa mama na mtoto mgongoni. Kila asubuhi nilimwogesha Yusrah maji yale machungu, nikimkanda magoti, nikimwambia simama basi mama, nimeshasema, wanataka niseme nini tena?

Hakusimama. Masika yakaja, yakapita, hakufa wala hakukaa.

Siku moja Naserian, mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa, aliinama kuweka galoni chini, bangili zake zikalia. Yusrah akanyoosha mkono. Mtoto yule ambaye hajawahi kunyoosha mkono! Nikamwomba Naserian azivue. Nikazishika mbele ya uso wa mwanangu bila kuzitikisa. Kimya, mikono imelala. Nikazitikisa, mikono ikaja. Nikawasha tochi ya simu karibu na macho, na katikati ya mboni nikaona weupe, kama tone la uji. Nikapiga kelele, mama akatoka jikoni mbio.

Hospitali kubwa huko Dar walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ugonjwa aliozaliwa nao. Miguu haina shida. "Mtoto hukifuata anachokiona," daktari alisema. "Haoni kitu, atambae aende wapi?" Akasema jicho nalo hujifunza kazi, na hujifunza miezi ile ya mwanzo. Watamfanyia upasuaji, ila kuona vizuri hawezi kuniahidi.

"Ningemleta lini?" niliuliza.

"Mapema."

Mapema nilikuwa namwogesha majani.

Sasa Yusrah anavaa miwani minene iliyofungwa kwa lastiki. Anaujua mwanga wa mlangoni, anakiona kivuli cha mtu. Anakaa. Anatambaa pia, lakini kwa masikio.

Juzi Mudi alikuja. Alimpa mama shikamoo, mama akaitikia marahaba kwa shida, akaingia ndani. Mudi akachuchumaa pembeni ya mkeka.

"Nimesikia ni macho tu," akasema.

"Ni macho tu."

Akazungusha funguo kidoleni. "Imani, mimi nilidhani ni mimi. Kule Kidodi kulikuwa na mwanamke. Siku ile ulivyosema ni wewe, nilijua unadanganya."

Mwanzoni nilisikia kuhusu mwanamke tu, na wala haikuniuma sana. Kisha nikayasikia na yale mengine.

"Kwa hiyo ulijua dawa haitashika."

Akainamia funguo zake.

"Uliamini mtoto anakufa, na dawa haishiki mpaka wewe useme. Ukakaa kwenye kigoda."

Mudi akaanza kulia. Akainua mkono kufuta macho, funguo zikalia, na Yusrah akageuka. Akaweka viganja chini, akaanza kutambaa kwenda kwake, anacheka. Mudi akamnyooshea mikono. "Ananijua," akasema. "Imani, muone, ananijua!"

"Hakujui. Anafuata funguo. Hebu ziweke mfukoni."

Akaziweka. Yusrah akasimama kwa magoti katikati ya mkeka, akageuza kichwa huku na huku, hajui aende wapi. Baba yake alikuwa mbele yake, hata urefu wa mkono haufiki.

Nikamwita mwanangu kwa jina. Akaja.