Uvimbe Uliojua Kukaribisha

Asubuhi hiyo mtaalamu wa maabara alikuwa akipangusa lenzi ya hadubini huku chai yake ikipoa dirishani. Chini ya lenzi palikuwa na kipande chembamba cha uvimbe uliotolewa kwenye ovari ya fundi cherehani mmoja, bibi mwenye wajukuu, aliyelazwa ghorofa ya juu. Uvimbe mwingine ulibaki tumboni, mahali kisu kiliposhindwa kufika, na dawa za dripu zilikuwa zimegonga mwamba.

Kilichotafutwa ni vipokezi vya homoni. Baadhi ya uvimbe wa ovari huwa navyo, kama viti vya wageni: homoni ikiingia inaketi, na uvimbe unanenepa. Vikiwepo, vipo vidonge vya kutangulia kukalia viti hivyo. Visipokuwepo, bibi afunge virago arudi nyumbani. Rangi ilishatiwa, penye vipokezi seli zingegeuka kahawia. Zilikuwa buluu tupu.

Mfagiaji akagonga mlango. "Hodi humu!"

"Karibu," zikaitika sauti ndogo nyingi kutoka kwenye hadubini. "Pita ndani, mama, keti."

"Asante, nina kazi," akajibu mfagiaji.

Mtaalamu akachungulia. Seli zilikuwa kahawia kama chai yake. "Kumbe zilikuwa zinangoja hodi," akasema, akainua miguu ili mfagiaji apitishe ufagio.

Mfagiaji alipokwisha kutoka, daktari bingwa akaingia moja kwa moja. Hakuwa mtu mbaya. Basi tu hakuwahi kubisha hodi popote, hata kwa mama mkwe wake. Alipoinamia hadubini, seli zikarudi buluu.

"Hamna kitu. Huyu aende nyumbani."

"Zilikuwa kahawia sasa hivi, daktari. Hebu bisha hodi."

"Nimbishie nani?"

"Uvimbe. Umelelewa vizuri."

Daktari akajaribu. Akakohoa. Akasema, "Habari za kazi." Akasema, "Mimi ndiye daktari bingwa." Buluu. Neno lenyewe lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Alipotaka kuondoka, mtaalamu akamshika mkono wa koti. "Yule bibi alinishonea kifungo hiki akiwa na dripu mkononi. Nakuomba, inama tena, usiondoe jicho hapo." Kisha akaita, "Dada! Hebu njoo ubishe tena!"

Mfagiaji akarudi na ndoo yake, akasimama nje, akagonga. "Hodi tena!"

"Karibu tena! Umesahau nini?"

Daktari alikuwa bado ameinama. "Vipo," akasema. "Tena vingi." Akaandika vidonge.

Jioni fundi akameza cha kwanza. Baada ya muda ikasikika hodi ya adabu tumboni mwake, kisha karibu nyingi, kisha viti vikiburutwa.

"Jamani, wengine tunalala," akasema mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Niwie radhi, jirani. Ni wageni wangu. Wakishakaa watatulia."

Jirani akampa mto wake mmoja auweke juu ya tumbo, kelele zipungue.

Wageni walikaa. Homoni zilipokuja, zilisikika zikiambiwa mlangoni, "Tumejaa, samahani sana, poleni kwa safari." Uvimbe ukaacha kukua. Fundi akarudi kwenye cherehani yake. Kule maabara, mfagiaji sasa hubishia hodi kila kipande cha ovari kinacholetwa. Vingine huitika, vingine hukaa kimya, na vilivyokaa kimya humpa huzuni siku nzima.

Fundi aliporudi kliniki, alilala nyuma ya pazia, amejifunika shuka hadi kifuani. Daktari bingwa akalifungua pazia bila neno, akaishika shuka na kuifunua.

Fundi akaivuta tena polepole, akasema kwa upole, kama anayemkumbusha mjukuu, "Karibu, daktari."

Daktari akafurahi. Akaliinamia tumbo, akatega sikio, kisha akamgeukia muuguzi.

"Andika," akasema. "Vipokezi bado vipo."