Kiapo cha Ng'ombe wa Mahari

Jumatatu asubuhi Minza alimfunga ng'ombe kwenye nguzo ya baraza la wakili Kasmiri, pale Somanda, akakung'uta vumbi miguuni, akaingia. Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kufika Dutwa, kila mmoja na mizani yake. Ndaki, mume wa Minza, alikuwa mochwari ya mgodi mmoja katika nchi ya kusini, tangu mwamba ulipomwangukia. Mgodi ulitaka uthibitisho kwamba ana mke. Mwili usiodaiwa huzikwa hukohuko, kwa namba.

"Cheti cha ndoa?" Kasmiri aliuliza.

"Tulioana kwa ng'ombe, mheshimiwa."

"Basi aape mtu aliyekuwepo. Wewe mama huwezi kujishuhudia, mayu. Mlete mzee yeyote."

"Wazee wote wametangulia. Amebaki huyo hapo nje. Ndiye aliyeongoza kundi siku ya mahari."

Kasmiri alichungulia dirishani. "Anajua Kiswahili?"

"Kisukuma tu."

Wakili akamwita karani wake, Felisita, aje kutafsiri.

Ng'ombe aliingia kwa shida kidogo, kwa sababu ya pembe. "Mwangaluka," akasema. Wote wakaitikia. Kasmiri alimwekea Biblia mezani, kisha Msahafu. Ng'ombe akasema hakubatizwa wala hakusilimu.

"Kama babu yangu," Felisita alisema. "Huyu atathibitisha tu bila kitabu, bosi, ni kiapo vilevile."

Ng'ombe alieleza kwamba Ndaki alivaa koti la kuazima, mikono yake mifupi. Alimwimbia yeye ng'ombe njia nzima ili asigeuke kurudi. Walipofika Mwamapalala, huyu mayu, Minza, alitoka ndani na kata ya maji, akamnywesha ng'ombe kabla ya bwana harusi. Watu walicheka. Minza alitazama sakafu. Felisita alipiga taipu. Hati ilihitaji jina la shahidi, wakaandika Nyamizi. Ukwato ulichovywa wino, ukagandamizwa sehemu ya chini ya karatasi, na Kasmiri akagonga mhuri.

Minza aliibeba hati ndani ya khanga hadi Mwanza, kisha Dar es Salaam. Msajili wa mahakama alithibitisha kwamba sahihi ni ya Kasmiri. Wizara ilithibitisha kwamba mhuri ni wa msajili. Ubalozi ulithibitisha kwamba mhuri wa wizara ni wa wizara. Kila mmoja alitazama mhuri uliotangulia, akagonga wake pembeni. Hakuna aliyelazimika kusoma habari za koti wala za maji.

Jibu la mgodi lilikuja kabla ya masika. Kasmiri alilisoma, akavua miwani.

"Wameitambua hati. Mwili watamkabidhi aliyekula kiapo."

"Ng'ombe."

"Ndiye, mayu. Tunaweza kuomba warekebishe, ila tutaanza upya kwa msajili. Na mochwari hawangoji."

"Basi mume wangu aje kwanza," Minza akasema.

Jeneza lilifika Mwamapalala kwa lori, pamoja na mwakilishi wa mgodi, kijana wa Dar aitwaye Constantine, amevaa tai. Aliuliza Nyamizi ni nani, akaoneshwa. Alishusha kidau cha wino na karatasi hadi chini, kwa adabu, ng'ombe akakanyaga.

"Pole sana, mama," alimwambia ng'ombe. Bahasha ya saa na shati la marehemu akaitundika kwenye pembe.

Minza alisogea. "Naomba nimwone."

Constantine alirudi kwenye karatasi zake. "Anayeruhusiwa kufungua ni aliyekabidhiwa. Wewe mama ni nani wa marehemu?"

Ng'ombe akasema, kwa Kisukuma, kwamba huyo ndiye mke. Majirani walimsikia vizuri, wakatikisa vichwa kukubali. Constantine hakujua Kisukuma, na siku ile Felisita, mtafsiri aliyetambuliwa kwenye hati, hakuwepo. Alisubiri Minza ajibu, kalamu mkononi. Injini ya lori ilikuwa bado inanguruma, na jeneza lilikuwa bado juu.

"Nimekuja na ng'ombe," Minza alisema.

"Sawa," kijana akaandika. "Basi mshikie kamba, asije akasumbua watu wakati wa kuzika."

Minza akashika kamba. Jeneza likashushwa.