Taulo Mbili za Meli

Joanitha alipiga simu Jumatatu jioni, nikiwa namenya ndizi. Hakusalimia.

"Mama, zile taulo za bluu mlizipeleka wapi?"

"Yangu ipo kwenye kamba, imeshakauka. Ya shangazi yako iko kwake, Kanoni. Kwani vipi?"

Nikasikia analia. Joanitha halii ovyo.

Binti yangu ana mwaka wa pili kwenye meli ya watalii. Kazi yake ni kugawa taulo za ufukweni. Meli ikifika bandarini, abiria anachukua taulo, anashuka nayo, na akirudi anaitupa kwenye kikapu kikubwa mlangoni. Wiki iliyopita wafanyakazi waliruhusiwa kupandisha ndugu wawili wawili kwa siku tatu, Mombasa hadi Zanzibar. Nikaenda mimi na wifi yangu Evangelina. Siku ya mwisho tukashuka ufukweni, tukatandika taulo mchangani tukajilaza kama watalii wengine, kisha tukarudi melini kuchukua mabegi. Hapo mlangoni ndipo nilipokiona kile kikapu. Taulo zimetupwa tu, mbichi, zimejaa mchanga na mafuta ya kujipaka.

Mimi nimelelewa Nyaishozi, kijijini Karagwe. Kitu cha kuazima hakirudi kichafu, wala hakirudi kitupu. Ukiazima ungo kwa jirani, unaupangusa, unaweka humo hata konzi moja ya maharage. Nikamwambia wifi, "Tia begini. Tutazifua nyumbani, Joanitha akija likizo atazirudisha." Nina diploma ya kilimo, nimekuwa afisa ugani miaka kumi na tisa, na sikuona kosa lolote hapo.

"Nyinyi hamkuwa na kadi za abiria za kuchukulia taulo, nilisaini mimi," Joanitha akasema. "Winston, bosi wangu, anadai nimewapa ndugu zangu mali ya meli. Ijumaa tukifika Dar anasaini mikataba mipya. Zisipoonekana, wangu hausaini."

"Hukumweleza?"

"Nimweleze nini, mama? Kwamba mama yangu kazipeleka Karagwe kuzifua?"

"Ijumaa utazipata," nikamwambia. "Nawa uso, rudi kazini."

Jumanne asubuhi nikapanda bodaboda hadi Kanoni. Uani kwa Evangelina kulikuwa na pikipiki tatu na viatu vingi mlangoni. Nilikuwa nimesahau kabisa: siku hiyo walikuwa wanakuja kuposa binti yake. Nikaingia. Wazee wa upande wa kijana walikuwa wameketi, na kwenye kiti kikubwa, juu ya taulo ya bluu iliyotandikwa vizuri, alikaa mshenga, mzee Yustus, glasi ya juisi mkononi.

Evangelina alinifuata haraka. "Karibu, wifi! Nilikuwa nawaambia wageni habari za meli. Hii taulo ni zawadi ya Joanitha."

Nilimvuta hadi jikoni, nikamweleza kwa sentensi tatu.

"Ngoja waondoke," akanong'ona.

"Wataondoka saa ngapi?"

"Hawajala hata."

"Wifi, lazima ifuliwe leo na ikauke leo. Basi la Dar linaondoka Kayanga alfajiri. Likinipita, Joanitha hana kazi."

"Kwa hiyo unataka nimwinue mshenga? Unataka waseme binti yangu katoka nyumba ya wezi?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Wewe ndiye uliyesema tia begini. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuitupa kikapuni."

Ni kweli. Alikuwa amenyoosha mkono. Nikarudi sebuleni peke yangu, nikapiga magoti mbele ya mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba uinuke kidogo. Taulo uliyokalia ni ya meli. Nami nilibeba nyingine kama hiyo, na mimi ndiye niliyemwambia wifi yangu abebe, kwa sababu niliona aibu kuirudisha chafu. Sasa binti yangu anaitwa mwizi huko. Evangelina hana kosa."

Mzee Yustus akainuka polepole, akaitazama taulo, akaitazama juisi yake.

"Kumbe nimesafiri melini bila tiketi," akasema. Wageni wakacheka. Akaikunja mwenyewe, akanipa. "Nimeimwagia tone moja pembeni. Isugue na limau."

Evangelina hakucheka. Hakunisindikiza.

Nilifua, nikasugua, nikapiga pasi ya mkaa. Katikati ya taulo nikaweka kahawa yetu ya kutafuna niliyoifunga kwa majani makavu ya mgomba, na barua: *Bwana Winston, taulo nilichukua mimi, mama yake. Sikuziiba, nilikwenda kuzifua. Kama kuna wa kuadhibiwa, andika jina langu.* Jumatano alfajiri kifurushi kikapanda basi, na kaka yangu Nolasco akakipokea Dar, akampelekea Joanitha bandarini.

Ijumaa nilikuwa shambani kwa mkulima mmoja, tunakagua mnyauko wa migomba, simu ikalia.

"Amesaini, mama. Miezi minne badala ya tisa. Anasema ataniangalia."

"Minne si haba. Barua alisoma?"

"Mara mbili. Akaniuliza kama kweli ulibeba taulo mbichi nchi nzima hadi mpaka wa Rwanda."

"Na kahawa?"

"Ameiloweka kwenye maji ya moto. Anasubiri ilainike."

"Mwambie inatafunwa, hainywewi hivyo."

Jumamosi nilipita sokoni Kayanga nikanunua taulo. Ilikuwa ya bluu, nyepesi kuliko ya meli, lakini mpya. Nikampelekea Evangelina. Alikuwa anapepeta maharage na hakuinua kichwa.

"Posa wameendelea nayo?" nikamuuliza.

"Wameendelea nayo." Akapepeta tena. "Yule mzee anasimulia kila mahali kwamba aliinuliwa kitini na mwanamke."

"Nisamehe, wifi."

Akaifungua taulo, akaipapasa, akaangalia pande zote mbili.

"Na hii utakuja kuidai?"

"Hiyo ni yako. Hata usipoifua."

Akaiweka begani, akanisogezea kigoda.