Duara Lisilo na Mteja

Watu walimwita Cheche, na jina lilimkaa vizuri, maana hakuwa na nguo ya kazi isiyo na vitundu vya moto. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nusu ya mageti na madirisha ya mtaa ule yalipita mikononi mwake, na hakuna hata moja alilolibuni mwenyewe. Mteja alikuja na picha kwenye simu, akasema nataka kama hili, na Cheche akalitoa kama lile.

Siku moja alikwenda kung'olewa jino. Kwenye chumba cha kusubiria akaona mchoro ukutani: duara ndani ya duara, petali zimezunguka, nukta zimezizunguka petali, na vyote vimetokea katikati kama maji yaliyotupiwa jiwe. Alipoitwa hakusikia, ikabidi muuguzi amguse bega. Cheche akamuuliza ile ni picha gani. Muuguzi akamwambia inaitwa mandala, na kwamba daktari mwenyewe ndiye aliyeichora, kidogo kidogo, kila alipopata nafasi.

Cheche akarudi nyumbani shavu limevimba, akaazima bikari ya shule ya binti yake, akakaa mezani. Katika vidole vyake vinene penseli ilionekana kama njiti ya kiberiti. Petali zake za kwanza hazikuwa za baba mmoja wala mama mmoja. Binti yake akazitazama, akasema kwa upole kwamba kobe amependeza. Mkewe akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Cheche naye akacheka, ingawa fizi ilimuuma, kisha akageuza karatasi akaanza upya.

Akawa anachora kila jioni kabla ya chakula, na Jumapili tangu asubuhi. Alijifunza kuchora mistari ya kuligawa duara kwanza, halafu petali, na kuzungusha karatasi badala ya kuupinda mkono. Mambo bado hayakunyooka, lakini kobe alitoweka. Mkewe, aliyekuwa wa kwanza kucheka, akaupiga picha mchoro mmoja akawatumia ndugu zake.

Picha ile ikamfikia shemeji yake Cheche, kaka wa mkewe, aliyekuwa mshirika wake karakanani. Kesho yake akaja mbio.

"Shemeji, mwenye duka la dawa ameiona. Anataka geti la namna ile."

"Mwambie hapana."

"Hapana ya leo, au hapana kabisa?"

Cheche akainua miwani ya kazi. "Nimetengeneza vya watu tangu sijaota ndevu. Hiki kimoja niachieni."

Shemeji akanuna. Akasema ukaidi haujazi sufuria, na kwa siku kadhaa walipeana nyundo bila salamu. Nyumbani mkewe naye aliona kaka yake ana hoja, na alimwambia hivyo mumewe waziwazi. Cheche alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba hoja ni nzuri na jibu ni lile lile.

Akanunua karatasi ya manila, kubwa kuliko zote dukani, akaanza mandala ya kuijaza yote. Ilimla majuma mengi, nayo ikaishika meza nzima. Alipofika kwenye duara la nje kabisa, petali zikakataa kukutana. Ya mwisho ilibakiwa na nafasi isiyotosha hata ukucha. Akapima kurudi nyuma, duara baada ya duara, mpaka katikati, na hapo akaliona kosa: sindano ya bikari ilikuwa imepanua tundu lake, na kila duara lilitoka limehama kidogo.

Mkewe akaja akasimama nyuma yake. "Si upake wino mzito hapo? Nani atajua?"

"Mimi," akasema Cheche. "Kufunika kwa rangi ni mambo ya karakanani."

Akatoka nje, akanawa uso. Aliporudi aliikunja ile manila akaiweka kando, akatandaza nyingine. Safari hii alibandika kipande cha plasta katikati ili sindano isicheze, na duara la nje akaligawa kwanza, kabla ya kugusa chochote ndani.

Alimaliza Jumapili moja, chai ikiwa kwenye kigoda kando yake. Petali ya mwisho ikaingia baina ya jirani zake kama mlango unaoingia kwenye fremu. Hakumwita mtu. Mkewe ndiye aliyeona kalamu imewekwa chini, akasogea, akapitisha kidole juu ya mistari bila kuigusa, kuanzia ukingoni mpaka katikati. Hakucheka.

"Sasa imekwisha," akasema. "Utafanya nini jioni?"

"Nyingine. Nataka petali zipishane, kama mkeka."

Mkewe akavuta pumzi, akamwambia basi atengeneze kwanza meza yake mwenyewe, kwa sababu wao wamechoka kula sahani zikiwa magotini. Cheche akaona hilo ni la haki. Akavaa viatu, akaenda karakanani kutafuta chuma.