Mji Siutoi

Usingizi wa mchana haubishi hodi. Unamkuta Nakijwa kitini maabarani, mbele ya kompyuta, wali wa mchana ungali mzito tumboni. Kwenye kioo kuna picha ya protini ya kimelea cha malaria, atomu juu ya atomu, bapa kama chapati. Anaamini mahali fulani juu yake pana kishimo ambamo dawa inaweza kukaa, ila bado hakuna aliyekiona. Alasiri Dakta Mghanga, mkuu wake, atapita, na kama bado hakionekani, protini hii itaachwa, na miaka yote ya kazi ya Nakijwa itakwenda nayo. Ndiyo maana tangu asubuhi anaongeza taa za kuimulika picha ndani ya programu, kushoto, kulia, chini, kwani asiyeona si huongeza taa? Anaegemea meza kidogo tu, na kioo kinampokea.

Anatembea katika mji wa nyumba za mviringo zilizobanana, nyekundu, buluu, kijivu, na barabara inapanda bila kupanda, inashuka bila kushuka, maana kila upande kuna taa na hakuna chenye kivuli, hata yeye. Anapita nyumba nyekundu, anapita tena nyumba nyekundu, ndiyo ileile au pacha wake, hajui. Mtu anamjia, hana uso. Pua labda ipo, macho labda yapo, ila mwanga umeyafuta. Shikamoo, anasema Nakijwa, maana adabu haiachwi hata ndotoni. Marahaba, unatafuta nini? Natafuta kishimo. Basi, kitendawili. Tega. Ukinimulika nakimbia, ukiniacha nakuonyesha njia. Nakijwa anajibu paka, anajibu mwizi, anajibu usingizi, na kila akijibu barabara inamrudisha kwenye nyumba nyekundu. Umeshindwa, anasema asiye na uso. Nipe mji.

Kanuni hiyo anaijua tangu utotoni, ukishindwa unatoa mji wowote na hakuna anayeumia. Lakini hapa mji ni mmoja, na ameujenga mwenyewe, atomu kwa atomu. Hasira inampanda, na chini ya hasira kuna woga. Chukua Tanga, anasema. Tanga si yako, nipe huu. Mji siutoi, anasema Nakijwa, na kwa ukaidi tu anaifikia taa iliyo karibu na kuizima. Nyumba zinaota matumbo. Anazima ya pili, barabara inainama. Anazima, anazima, yule akimfuata, mpaka inabaki moja juu ya bega lake, na giza lililokosa pa kukaa linaingia nyufani taratibu, na nyuma ya nyumba nyekundu linajikusanya, jeusi, lenye kina. Kivuli, anasema. Jibu ni kivuli. Anageuka, na yule sasa ana uso wa kijana, ana kishimo shavuni, anacheka.

Dada, amka, Dakta anakuja. Ni Kiondo, wa meza ya jirani, mdogo kwake kwa umri. Mbona umeniamkia shikamoo? Anacheka, na shavuni ana kishimo ambacho Nakijwa hajawahi kukiona. Kwenye kioo imebaki taa moja, na katikati ya atomu nyekundu pana shimo jeusi. Nani amezima taa? anauliza Nakijwa. Si wewe, dada? Mkono wako ulikuwa kwenye kipanya.

Dakta Mghanga anaingia. Nakijwa, tuiache hii tuchukue nyingine? Nakijwa anagusa meza kuona kama ni ngumu. Ni ngumu, lakini na nyumba zile zilikuwa ngumu. Mji siutoi, anasema, na anaigeuza picha polepole mpaka shimo linamtazama Dakta usoni. Dakta haulizi mji gani. Anavuta kiti, anakaa.