Matairi Aliyochagua Mama

Kaka yangu tulimwita Bosi tangu hajawa bosi wa mtu yeyote. Alikuwa mtoto wa kwanza, tena wa kiume, na Mama alimpakulia chakula Baba akiwa bado ananawa mikono, basi jina likamganda. Alipokuja kuwa bosi kweli, mwenye ofisi ya ghorofani, katibu wa kumpokelea simu na gari jeusi la kifahari lililoinuka kama kabati la nguo, nyumbani hakuna aliyeshangaa. Mimi ni kitinda mimba. Nashona mapazia, naishi na Mama, na nina mdomo. Hilo la mdomo wanalisema wao. Mimi nasema tu ninachokiona.

Mama aliteleza bafuni akaumia pingili ya mgongo. Hakupooza, lakini mguu wa kushoto ulikuwa mzito, akawa anauburuta. Hospitali wakampangia mazoezi kila wiki kwa mama mmoja mwenye mikono ya nguvu, na huyo mama hakutuzungusha. Alisema mgonjwa akifuata mazoezi atatembea, akiyaacha mguu utakufa na atalala kitandani moja kwa moja. Kisha akaongeza, "Na safari zenyewe zisimuumize. Mtikisiko ndio adui wa huu mgongo. Mleteni kwa gari laini." Wote tukamgeukia Bosi, na Bosi akachezesha funguo mfukoni.

Haki yake nampa. Angeweza kumtuma dereva wa ofisini, lakini alikuja mwenyewe kila wiki, akamshika Mama mkono, akamfunga mkanda. Na gari lilikuwa laini kweli. Barabara ya kwetu, kuanzia duka la dawa hadi getini, si barabara bali ni ugomvi, lakini yale matairi yake manene yaliyameza mashimo yote. Mama alikaa kiti cha mbele, mto niliomshonea ukiwa mgongoni, na akirudi aliniambia hakusikia kitu. Mguu ukaanza kuinuka. Siku moja nikamkuta jikoni amesimama anakata vitunguu, fimbo kaiegemeza kwenye jokofu. Nilitoka uani nikalia huko asinione, nikarudi nikisingizia vitunguu vyake.

Halafu matairi yakaisha. Yalikuwa vipara kabisa, na fundi alimwambia Bosi mvua ikinyesha asilitoe gari nje. Jioni hiyo alikuja kwetu, akaketi kwenye mkono wa kochi la Mama na kutuonyesha picha kwenye simu. Zilikuwa rimu kubwa zinazong'aa, na tairi jembamba limezizunguka kama bangili.

"Wenzangu wote pale kazini wameweka hivi," alisema. "Gari kama lile ukilivalisha matairi manene ni sawa na mtu aliyevaa suti na kandambili."

"Na mgongo wa Mama?" nikamuuliza.

"Gari lile lina springi za hewa, dada. Wewe shughulika na mapazia."

"Springi za hewa hazioni mashimo ya hapa kwetu?"

"Mwache mwenzio," Mama akadakia. "Gari ni lake, analijua."

Nikanyamaza, jambo ambalo hunitokea kwa nadra, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kupanga. Bosi hanisikilizi mimi. Mkewe hamsikilizi pia, maskini wifi yangu. Lakini neno la Mama hulishika. Tangu utotoni, Mama akimwambia tu shati hili halikukai, alilivua palepale mlangoni. Shida ni kwamba Mama hasemi. Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kumsikia Mama akisema nataka hiki. Husema hiki kinatosha, husema wapeni watoto kwanza, na hao watoto siku hizi tuna mvi. Nikamwambia Bosi tutoke hospitali tupitie wote duka la matairi, ili Mama naye aone. Alifurahi sana. Alidhani nimejisalimisha.

Asubuhi yake, nikimfunga Mama mkanda wa mgongo, nikamwambia, "Leo utaulizwa. Sema unataka manene. Usiongeze kitu, usipunguze."

"Nitasema."

"Niahidi, Mama."

"Nimeshakwambia nitasema. Unataka niape?"

Duka la matairi lilikuwa kama ghala, lenye harufu kali ya mpira mpya na matairi yaliyopangwa hadi karibu na dari. Mashine ya kubalansi magurudumu ilikuwa inavuma pembeni. Muuzaji, mwanamume mwenye koti la bluu na kalamu sikioni, alimletea Mama kiti kabla hata hatujamsalimia, nikampenda kwa hilo. Kisha akaleta matairi mawili, akayasimamisha mbele yetu. Moja lilikuwa nene, lina ubavu mpana unaobonyea kidogo ukilisukuma kwa goti. La pili lilikuwa jembamba, gumu, na ubavu wake haukuzidi upana wa vidole vyangu.

"Lipi linamfaa mtu mwenye mgongo mbovu?" nikamuuliza mbele ya wote.

"Hili nene, dada yangu, halina mjadala. Hili jembamba ni la kupendeza na la mwendo wa lami. Kwenye mashimo, nene linapokea pigo lenyewe. Jembamba linampa abiria."

"Barabara ya kwetu inatengenezwa," Bosi akasema.

"Tangu nizaliwe inatengenezwa," nikamjibu.

Muuzaji akacheka kidogo, akaangalia ni nani mwenye pochi, akaacha kucheka. Akaenda kuchukua rimu moja kubwa iliyokwisha kuvalishwa lile tairi jembamba, akaiegemeza kwenye gurudumu la mbele la gari, lililoegeshwa mlangoni, ili tuone litakavyokuwa. Bosi akarudi nyuma hatua kadhaa. Akainamisha kichwa upande, akaweka mikono kiunoni. Uso wake ulikuwa uleule wa siku aliyonunuliwa baiskeli, siku aliyoizunguka uani hadi jua likazama bila kuipanda, anaiangalia tu. Nilimwona. Kibaya zaidi, nilimwona Mama akimwona.

"Haya, Mama," Bosi akasema. "Wewe ndiye abiria wangu mkuu. Nichukue yapi?"

Aliuliza kwa moyo mweupe, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakuwa anatafuta baraka ya bure. Mama angesema manene, Bosi angenuna kidogo njiani, na angeyachukua. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikamkazia Mama macho mpaka yakaniuma.

Mama aliyatazama matairi mara moja tu. Kisha akamtazama Bosi, akachukua muda wake. Ndivyo alivyochagua kila kitu maishani mwake, vitambaa, redio, hata rangi ya kuta za nyumba. Bidhaa haiangalii, huangalia uso wa yule atakayefurahi.

"Haya membamba," akasema. "Yanakupendeza."

Hakusema yanalipendeza gari. Alisema yanakupendeza, na Bosi akatabasamu hadi meno ya nyuma.

"Umesikia?" akaniambia.

"Mama," nikasema, "mwambie ulichoniambia asubuhi."

"Kwani nilisema nini?"

"Mama."

Akamgeukia muuzaji, akicheka. "Huyu binti yangu ananipigania kila siku, na mimi sina vita na mtu."

Muuzaji naye akacheka, kwa kuwa mteja amecheka. Nikatoka nje nisije nikasema neno ambalo halirudishiki. Nikabaki huko hadi mafundi wakalifungua gari, na yale matairi yetu manene wakayatupa kwenye rundo la chakavu, vipara vyao vikiangalia juu. Nililipiga moja teke. Lilibonyea, likarudi lilivyokuwa, hata kidole changu hakikuumia. Nikazidi kukasirika.

Tulirudi nyumbani na matairi mapya. Kwenye lami hakukuwa na neno. "Mnaona?" Bosi akasema, anapigapiga usukani kwa vidole. "Kimya. Yanateleza tu." Mimi nilikaa nyuma nikiangalia kisogo cha Mama na kungoja duka la dawa.

Tulipolipita, shimo la kwanza nililisikia kwenye meno. Mama akakohoa. La pili, akakohoa tena. Mama hana kikohozi. Ilinichukua mashimo machache kuelewa anachofanya. Aliliona shimo linakuja, akaanza kukohoa kabla hatujalifikia, ili mguno utakaomtoka upite humohumo ndani ya kikohozi.

"Umepata mafua, Mama?" Bosi akamuuliza.

"Vumbi tu, mwanangu."

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na kiyoyozi kilikuwa kinatupuliza.

"Punguza mwendo," nikasema.

"Nikipunguza zaidi si nitakuwa nimeegesha?"

Hatukufika mbali Mama akamgusa mkono. "Nishushe hapa. Daktari anataka nitembee." Bosi akasimamisha gari, akazunguka mbio kumfungulia mlango, amejaa furaha. "Unaona nguvu zinavyomrudia?" akaniambia. Akatangulia polepole hadi getini, na sisi tukafuata kwa miguu, Mama akiwa ameuning'inia mkono wangu. Vidole vyake vilinizama kwenye nyama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta kama zamani.

"Kwa nini, Mama?" nikamuuliza. "Aliyekuuliza alikuwa anataka kujua."

"Umemwona alivyosimama pale?" Akapumzika kidogo, akavuta pumzi. "Tangu baba yenu afariki sijamwona amesimama vile."

"Na mguu wako?"

"Mguu ni wangu."

Nilimchukia. Sisemi kaka yangu, nasema Mama. Kwa urefu wa ile njia hadi getini nilimchukia mama yangu kwa moyo wangu wote, huku nimembeba nusu yake. Nilitamani nimwachie mkono aanguke, Bosi aone. Sikumwachia. Tulipofika, Bosi alikuwa amechuchumaa anaifuta rimu vumbi kwa leso yake.

Wiki iliyofuata Mama alienda hospitali kwa gari lilelile, akarudi akalala bila kula. Wiki nyingine akasema ana mafua. Halafu ikawa mvua, halafu ikawa hajisikii, halafu akasema amepona na nafasi yake wapewe wanaoumwa kweli. Nikamwambia nitaita teksi, gari dogo lenye matairi ya kawaida. Akanitazama kama nimemtukana. "Mwanangu ana gari kubwa namna ile, halafu nipande teksi? Watu wamwoneje?" Niliita hata hivyo. Dereva wa teksi alipiga honi getini mpaka akachoka, na Mama hakunyanyuka kochini.

Nikampigia Bosi simu, nikamweleza bila kupaka mafuta. Kwamba ni matairi, kwamba yanamuumiza, kwamba amekataa kwenda kwa sababu yake.

"Aliyachagua mwenyewe," akasema. "Ulikuwepo."

"Alichagua wewe ufurahi."

"Basi nitamuuliza mwenyewe."

Na alimuuliza, muungwana huyu. Alizungumza naye palepale kwa simu yangu, nikiwa nimekaa na Mama. "Liniumize?" Mama akamjibu, sauti yake nyororo kabisa. "Humo ndani ni kama nimelala kitandani kwangu." Kisha akanirudishia simu bila kuniangalia usoni. Yule mama wa mazoezi naye alipiga, akataka kuzungumza na mgonjwa, na mgonjwa akatuma salamu.

Vitunguu sasa nakata mimi. Fimbo imesimama nyuma ya mlango wa chumba chake, haitafutwi na mtu, kwa sababu yule mama wa mazoezi hakutudanganya, mguu umekufa. Kutoka kitandani hadi chooni nambeba mimi. Ila siku ambazo Bosi anakuja kutusalimia, Mama ananiamsha mapema. Namwogesha, namchana nywele, namketisha kwenye kiti karibu na dirisha na kumfunika miguu kwa blanketi. Bosi akiingia anamkuta mama yake amekaa wima, anacheka, anauliza habari za kazini.

Jumapili iliyopita alikuja na wenzake wawili wa ofisini. Waliegesha mbele ya geti, wakabaki nje wakilizunguka gari na kuzisifia rimu, sauti zao zikitufikia ndani. "Hayo matairi, mzee, umeyapatia," mmoja akasema.

"Alichagua Mama," Bosi akamjibu, na sauti yake ilikuwa imejaa upendo, hilo siwezi kulikana. "Na hamtaamini. Tangu niyafunge amekwenda hospitali mara moja tu, basi."

Wakashangaa kwa adabu. Mama akageuza shingo kuelekea dirishani, akaniomba nisogeze pazia ayaone vizuri. Lile pazia nililishona mwenyewe, zito, la kuzuia jua. Nikalisogeza.