Kila Mtu na Siku Yake

Barua kutoka kwa mnunuzi wa Nakuru ilikuwa fupi. Shehena mbili mfululizo zimefika zimeiva. Ya tatu ikiwa hivyo, lori halitakuja tena Nyakoe, litapakia Suneka.

Bitutu, mchuuzi wa ndizi wa Nyakoe, aliisoma mara tatu. Mwaka huo wote wa 1968 nyumba yake ilikuwa imeendeshwa na lori lile la Jumapili. Ndizi zilitakiwa mbichi, na mbichi ndizo zilizokatwa. Tena, baada ya shehena ya kwanza kuharibika alikuwa amewahimiza watu wafanye haraka. Ya pili ikaiva kuliko ya kwanza. Hapo ndipo akili yake ilipogota.

Jumatatu aliamua kuzifuata ndizi kinyumenyume, kutoka barabarani hadi shambani. Akaanza kwa Ombati, mwenye banda la kukusanyia.

"Bwakire, Ombati," alimsalimu. "Ndizi zangu unazipokea lini?"

"Alhamisi."

"Si nilikwambia Ijumaa?"

"Ulisema. Lakini Ijumaa mvua ikinyesha, jua likachwa, Sabato ikaingia, Jumapili utapakia nini? Nikawaambia wabebaji Alhamisi. Nimekosa?"

Hakukosa. Bitutu akaenda kuwatafuta wabebaji.

Nyaboke, mkubwa wa wabebaji, alikuwa mtoni akifua. "Mimi nianze kufuata mikungu Alhamisi yenyewe, na mgongo huu?" alisema, akikamua shuka. "Niliwaambia wenye mashamba Jumatano. Ulipokuja na haraka zako, nikasema Jumanne."

"Haraka yangu haikuwa hiyo, dada."

"Kwani haraka ziko ngapi?"

Bitutu akavuka mto. Akapanda kilima hadi kwa mzee Mogire, akamkuta migombani na panga mkononi. Mikungu kumi na minane ilikuwa tayari imelala chini.

"Mzee, hiyo ni ya nani?"

"Si yako? Nyaboke alisema Jumanne. Mimi si mtu wa kukutwa sijajiandaa, mama. Hukata Jumatatu."

Bitutu akaketi juu ya mgomba ulioanguka. Akahesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya. Siku sita hadi lori la Jumapili. Hakuna aliyekuwa mvivu, wala mwongo. Kila mmoja alijiwekea siku yake ya tahadhari ili lawama isimfikie, na yeye aliyehimiza ndiye aliyeongeza nyingine.

"Hizi pika, mzee, au peleka sokoni," alisema. "Jumapili alfajiri nitasimama hapa na wabebaji. Ukituona, kata."

"Na tukichelewa?"

"Tutachelewa wote pamoja."

"Hilo nalo jipya," Mogire alisema, akacheka, lakini hakuonekana kuelewa. Bitutu akapita kwa wenye mashamba wengine, kwa Nyaboke na kwa Ombati, akawapa neno lile lile.

Jumamosi, akitoka kanisani, alikuta lori limesimama njiani. Dereva alikuwa ameegemea bampa.

"Mama, najua ni kesho. Nikaona nitangulie siku moja, nisikwame kwenye matope. Pakieni."

Bitutu alitaka kucheka, akataka kulia, asijue kipi kianze. "Leo ni Sabato. Hakuna atakayeinua panga."

"Basi naenda Suneka."

Bitutu alimwonyesha barabara. "Nenda. Kule nako wanaouza ndizi wako kanisani, hata wazee wao."

Dereva akaitazama barabara, kisha akamtazama yeye, kama mtu aliyeulizwa hesabu asiyoijua. "Chakula kipo?"

Kilikuwepo, kimepikwa jana, kimepoa. Alikula, akapanda kulala ndani ya lori.

Jumapili Mogire aliwaona wakipanda kilima, akainua panga, na wenye mashamba wengine vilevile. Kufikia saa nne lori lilikuwa limejaa mikungu ya kijani, na utomvu ukidondoka kati ya mbao hadi barabarani. Dereva alisugua shati lake lenye madoa, akanung'unika kwamba shehena zilizopita hazikumchafua hivi.

Akawasha injini, kisha akatoa kichwa dirishani. "Wiki ijayo nije lini?"

"Jumapili."

Akafikiri kidogo. "Jumapili yenyewe?"

"Yenyewe, baba."

Aliondoka akitikisa kichwa.